Saratani ya mama imerudi

Swali: Mama yangu, mkazi wa Ujiji, alitibiwa saratani ya titi, sasa imerudi. Nikitafuta daktari mwingine, nitamkosea anayemtibu?

Jibu: Humkosei; madaktari wenyewe huulizana. Ombeni rufaa Hospitali ya Maweni, mwende Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Safari ni ndefu, msiende mikono mitupu: bebeni ripoti ya patholojia, picha, orodha ya dawa na mionzi aliyopata. Muhimu kuliko vyote ni kile kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe wake wa kwanza na kuhifadhiwa kwenye nta, udogo wake kama kiberiti. Kiombeni maabara iliyompima. Mtaalamu mpya atataka kukisoma mwenyewe. Ulizeni pia kama uvimbe uliorudi utapimwa upya, kwani saratani iliyorudi huweza kubadilika, dawa ya zamani isifae. Na miti shamba anayokunywa (wengi huificha) itajeni. Rufaa iombeni wiki hii.