Kuinuka Baada ya Kupinduka

Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, nacho kiko upande wa kaskazini kabisa, katika nchi za barafu. Wenyeji wake ni Wainuit, na tangu zamani waliwinda sili baharini kwa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, wenye mifupa ya mti iliyovikwa ngozi. Mwindaji aliketi katika tundu la katikati, amevaa vazi la ngozi lililofungwa imara ukingoni mwa tundu, maji yasiingie. Mkononi alishika kafi lenye bapa pande zote mbili.

Chombo chembamba hivi hupinduka upesi, na maji yale ni baridi mno; viungo vya mtu hufa ganzi baada ya dakika chache. Kwa hiyo mwindaji alijifunza kuinuka pamoja na chombo chake pasipo kutoka ndani.

Je, jambo hili lafanywaje? Wengi hudhani ni kazi ya mikono, kumbe ni kazi ya kiuno. Kwanza, mtu aliyepinduka hujikunja mbele, akalaza kafi juu ya uso wa maji, kando ya chombo. Pili, hulizungusha kafi polepole kwenda nje, bapa likiteleza bila kuzama. Tatu, papo hapo husokota kiuno, na goti la upande wa kafi hukisukuma chombo kigeuke. Chombo hutangulia, kifua hufuata, na kichwa huja mwisho, mgongo ukilala nyuma.

Kwa nini kichwa kije mwisho? Mwili ulio majini hubebwa na maji. Kichwa kikitoka mapema, maji hayakibebi tena, na uzito wake hukirudisha chombo chini. Mwanafunzi mwenye pupa ya kuvuta pumzi huinua kichwa kwanza, na pupa hiyo ndiyo imnyimayo pumzi. Haraka haraka haina baraka.

Anayejifunza huanza katika maji machache, ameshika mikono ya mwenzake, akizoeza kiuno peke yake. Akiisha kukiweza, ndipo hupewa kafi. Mabingwa huinuka hata kwa mkono mtupu.

Mwingereza Gino Watkins alifika Greenland mwaka 1930, akafundishwa ustadi huu na wenyeji, akauweza. Lakini mwezi wa Agosti, 1932, alikwenda kuwinda sili peke yake, asirudi. Kayaki yake ilionekana ikielea. Mwenyewe hakuonekana tena. Ustadi ni ngao njema, lakini haushindi kuwa na mwenzi.

MASWALI
1. Kwa nini mwindaji hakutaka kutoka chomboni?
2. Taja kwa taratibu mambo matatu afanyayo mtu aliyepinduka.
3. Eleza kwa nini kichwa huinuliwa mwisho.
4. Habari ya Watkins yafundisha nini?