SOMO LA AFYA: ULIZA BEI KABLA YA KUKAA KWENYE KITI CHA DAKTARI WA MENO

Somo letu la leo linahusu jino linalouma na fedha za ziada ambazo mgonjwa anaweza kudaiwa kwa ajili ya glavu, barakoa na gauni la daktari. Tafadhali lisome pamoja na watu wa nyumbani kwako.

Kisa cha shangazi

Mwaka 2020, wakati wa janga la COVID-19, shule hapa Uganda zilikuwa zimefungwa na mimi nilikuwa nyumbani. Shangazi yangu aliumwa jino siku 4 bila kulala. Ilikuwa mwezi wa Septemba, boda boda zilikuwa zimeruhusiwa tena kubeba abiria. Alikwenda kliniki ya mtu binafsi kwenye senta, akaambiwa kung'oa ni shilingi 20,000. Alikuwa na 30,000. Zile 10,000 zilikuwa za boda boda ya kurudi na unga wa watoto.

Jino lilipokwisha kutoka, aliambiwa aongeze 10,000 za vifaa vya kujikinga. Hakuna aliyemwambia habari hiyo mwanzoni. Alilipa, akarudi kwa miguu akiuma pamba mdomoni, mikono mitupu.

Habari ilienea. Jirani yetu aliyekuwa na jino lililooza alisema, "Mimi sina fedha za kumnunulia daktari nguo." Akabaki nyumbani. Baada ya wiki moja shavu lilivimba, akashindwa kufungua mdomo, akapelekwa kituoni usiku akiwa na homa kali. Alipona kwa bahati. Kwa hiyo 10,000 zisizotajwa mapema nusura zimuue mtu ambaye hata hakudaiwa.

Vifaa hivyo ni vya nini?

Daktari wa meno hufanya kazi uso wake ukiwa karibu sana na mdomo wako. Mashine ya kutoboa jino hurusha maji, mate na damu hewani, na COVID-19 hupita katika mate na pumzi. Ndiyo sababu anavaa barakoa, miwani au ngao ya uso, na gauni. Glavu zilikuwepo hata kabla ya 2020, kwa sababu virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B hupita katika damu. Glavu mpya kwa kila mgonjwa zinakulinda wewe na zinamlinda yeye. Usikubali kutibiwa bila glavu ili upunguziwe bei.

Kwa nini bei ilipanda?

Dunia nzima ilitafuta vifaa hivyo kwa wakati mmoja. Tarehe 3 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba bei ya barakoa za hospitali imepanda mara 6, barakoa nzito za N95 mara 3, na gauni mara 2. Basi mwenye kliniki hakusema uongo aliposema vifaa ni ghali. Kosa lilikuwa kumficha mgonjwa bei mpaka jino litoke.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Huko Marekani, ambako baadhi ya ndugu zetu wamehamia, madaktari wa meno wengi waliongeza malipo kama hayo. Mwezi wa Agosti 2020, idara inayosimamia bima katika jimbo la New York iliagiza kwamba madaktari wenye mkataba na kampuni za bima wasiwatoze wagonjwa wa bima hizo fedha za vifaa, na waliotozwa warudishiwe. Watu waliuliza na kulalamika, wakasikilizwa.

Haki yako ni ipi?

1. Katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda, malipo ya wagonjwa yalifutwa mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Wakimbizi na wenyeji tunatibiwa katika vituo vile vile. Mtu akikuomba fedha za glavu, usimpe mkononi. Muulize mkuu wa kituo kwanza.

2. Kliniki ya mtu binafsi inaweza kudai malipo. Lakini uliza kabla ya kukaa kwenye kiti: "Bei hii ni pamoja na sindano ya ganzi, dawa, glavu na vifaa vyote?" Kama jibu ni hapana, uliza jumla ni ngapi.

3. Omba risiti inayoonyesha kila kitu ulicholipia.

4. Kama bei imekushinda, usirudi nyumbani kukaa kimya. Mwambie VHT wa kijiji chako akuelekeze kwenye kituo chenye huduma ya meno bila malipo.

5. Ukiona umeonewa, peleka risiti kwenye dawati la malalamiko au kwa viongozi wa RWC. Zungumza kwa heshima, bila ugomvi.

Dalili za hatari

Nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama huna shilingi, ukiona: shavu au shingo imevimba, homa, mdomo haufunguki, kumeza ni shida, au pumzi inabana. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Maji ya vuguvugu yenye chumvi yanapunguza maumivu kidogo, lakini hayaponyi jino lililooza. Usitie maji ya betri wala petroli kwenye jino.

Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba COVID-19 si dharura ya dunia tena. Lakini ugonjwa huo bado upo, na magonjwa mengine ya mlipuko huja. Vifaa vitahitajika tena, na bei zinaweza kupanda tena. Tujizoeze kuuliza tangu sasa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini glavu ni za lazima hata wakati hakuna janga?
2. Utamuuliza nini daktari kabla ya kukaa kwenye kiti?
3. Katika kijiji chetu, ni nani anaumwa jino sasa na anaogopa gharama? Nani atamtembelea wiki hii?

Kuuliza bei si utovu wa adabu.