Njuga na Ukanda Wake

Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, katika Mkoa wa Shinyanga. Nchi yake ni tambarare, yenye migunga na ng'ombe wengi, na watu wake wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, miezi ya Juni, Julai na Agosti, huja majira ya ngoma. Tangu zamani Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Siku ya mashindano vyama hivi havichezi kwa zamu. Hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji ni huru kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Basi mchezaji hana nafasi ya kusema, "Ningojeni kidogo, njuga zangu zimefunguka." Akiinama kufunga, watu wamekwisha kuhama.

Njuga ni kengele ndogo ya mviringo. Hufuliwa kwa bamba la chuma lililokunjwa hata kingo zake zikakaribiana, na ndani yake mna kipande kidogo cha chuma kinachogongagonga. Juu yake ina sikio, yaani kitanzi cha chuma cha kufungia. Njuga moja peke yake haina sauti kubwa. Kwa hiyo hupangwa kumi, kumi na tano, hata ishirini katika ukanda mmoja wa ngozi nene, na ukanda hufungwa mguuni. Mguu ukipiga chini, zote hulia pamoja.

Zamani chuma cha nchi hizi kilitoka kwa Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita, ambao waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo kwa makaa ya miti. Majembe yao yalinunuliwa sana katika Usukuma. Shaba ililetwa na misafara ya pwani, nayo ilikuwa nyaya nene zilizozungushwa, zilizoitwa masango. Ngozi haikuletwa na mtu, ng'ombe walikuwapo.

Sasa fikirini kazi ya ukanda huo. Kila mguu unaposhuka na kusimama ghafula, njuga bado zataka kuendelea kwenda chini, na ngozi yazizuia. Jambo hili hutukia mara mamia kwa saa moja. Chuma hakichoki upesi, na ngozi nene ya ng'ombe ina nguvu nyingi. Panaposhindwa ni pale viwili hivi vinapokutana, yaani katika tundu.

Kijana mmoja wa Mhunze alijitengenezea kanda zake mwenyewe kabla ya mashindano. Alikuwa na njuga kumi na nne kwa kila mguu. Alikata ngozi, akaichoma kwa ncha ya kisu mahali kumi na nne katika mstari mmoja, akapitisha masikio ya njuga nyuma ya ukanda, kisha akapitisha ugwe mmoja mrefu katika masikio yote, akafunga fundo mwanzoni na mwishoni. Kwa macho ilikuwa kazi nzuri. Ngoma ilipopamba moto, ugwe ule ulikatika mahali pamoja tu, na njuga zikamwagika uwanjani kama mtama uliotoboka gunia. Watoto walikimbilia kuziokota. Watu wazima walicheka, wakageuka, wakaenda upande wa pili, na chama chake kikashindwa siku ile.

Siku ya pili kijana alikwenda kwa mzee mmoja fundi wa ngozi, aliyekuwa akishona viatu na mishipi, na kanda za kengele za ng'ombe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umebeba njuga mfukoni kama karanga?"

Kijana akaeleza, huku ameinamisha uso. Mzee hakumcheka. Alichukua ukanda, akaukunja, akaukunjua, akauvuta kwa mikono miwili.

"Ngozi hii imetoka wapi?"

"Nilipewa kipande tu, babu."

"Ni ya tumbo. Tumbo la ng'ombe limezoea kutanuka akishiba na kusinyaa akiona njaa. Hata akifa, ngozi yake haiachi desturi hiyo. Ukanda wa kubeba chuma hukatwa mgongoni, na hukatwa kwa kufuata urefu wa mgongo."

Na hivyo ndivyo ilivyo. Ngozi moja si nene sawasawa mahali pote. Ya mgongoni ina nyuzinyuzi zilizosongamana, nayo huweza kufika milimita 4 au 5 au zaidi. Ya tumboni ni legelege, na tundu lililotobolewa pale hupanuka siku baada ya siku.

Kisha mzee akaonyesha matundu. Kila moja lilikuwa limepasuka pembeni kidogo, na mengine mawili yalikuwa karibu kuungana. Kisu huacha mpasuko wenye pembe mbili kali, na kila pembe ni mwanzo wa mpasuko mwingine. Tundu la mviringo halina pembe, kwa hiyo mvuto hugawanyika kulizunguka pande zote. Mafundi hutoboa kwa sindano nene yenye mpini wa mti, au kwa mrija wa chuma wenye kingo kali unaopigwa nyundo na kutoa kijiduara cha ngozi. Ngozi kwanza hupakwa maji kidogo ili iwe laini. Tundu hufanywa dogo kuliko sikio la njuga, ili sikio liingie kwa kusukumwa na ngozi ilibane. Na pasipungue sentimita moja kutoka tundu mpaka ukingo wa ukanda.

Tena matundu yasikae katika mstari mmoja. Tazameni stempu za barua: karatasi imetobolewa vitundu katika mstari mnyofu kwa kusudi, ili ikatike pale pale. Mtu atobolaye ukanda wake hivyo ametengeneza stempu bila kujua. Mzee aliweka alama za makaa moja juu, moja chini, moja juu, moja chini, kama nyayo za mtu atembeaye, hivi kwamba tundu moja halikumwonea jirani yake.

Lakini kosa lililomwaibisha kijana lilikuwa la tatu. "Njuga kumi na nne," alisema mzee, "umezipa roho moja." Ugwe mmoja ukipita katika masikio yote, ukikatika popote, zote zimekufa. Njuga yapasa kila moja iwe na ugwe wake na fundo lake, hata moja ikianguka, kumi na tatu zaendelea kulia na mtazamaji hatambui. Ugwe ulio bora ni wa ngozi mbichi, yaani ambayo haijalainishwa kwa maganda ya miti. Hulowekwa katika maji hata ukawa kama utumbo, hufungwa ungali maji, na ukikauka hujikaza wenyewe kuliko mkono wa mtu uwezavyo kuukaza. Nyuma ya mafundo hushonwa ngozi nyembamba kwa uzi wenye nta. Ngozi hiyo huyakinga mafundo yasisuguliwe, nayo hukinga mguu wa mchezaji; maana masikio ya chuma yakisugua ngozi ya mtu kwa saa mbili, hata mchezaji hodari huchechemea.

Mapambo yasiyo na masikio, kama vile vijibamba vya shaba vinavyotiwa katika mishipi, hufungwa kwa ribiti, yaani msumari mfupi unaofanywa kichwa pande zote mbili. Shaba nyekundu yafaa kuliko chuma, kwa sababu ni laini, hupondwa ikiwa baridi. Chuma hufuata nyundo kwa urahisi kikiwa cha moto, nacho kikiwa cha moto huunguza ngozi. Upande wa nyuma hutiwa kwanza kiduara cha shaba chenye tundu, ili kichwa kipya kisizame ndani ya ngozi. Mwili wa ribiti hukatwa ukabaki juu ya kiduara kiasi cha unene wake. Ukiwa mrefu zaidi hupinda, ukiwa mfupi haushiki. Ufundi wa namna hii ni wa kale sana. Askari wa Rumi walivaa viatu vya ngozi nene vilivyopigwa misumari ya chuma katika soli, na ncha zake zilikunjwa ndani ili zisitoke.

Liko adui jingine, nalo hufanya kazi polepole. Ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya mgunga ina ukali wa maganda hayo ndani yake, na ukali huo ukikutana na chuma chenye maji hutoa weusi kama wino. Weusi huo hula ngozi kuzunguka tundu. Shaba nayo hutoa kutu ya kijani ikikutana na mafuta. Kwa sababu hiyo ukanda uliolowa jasho hauwekwi sandukuni siku ile ile. Hupanguswa, hutundikwa kivulini, wala si juani, na ukikauka hupakwa mafuta kidogo sana.

Kijana alifanya kazi siku tatu chini ya mwembe wa mzee. Ukanda wa kwanza ulipokauka, mzee aliufunga katika nguzo ya baraza, akampa kijana koleo, akamwambia avute njuga moja moja kwa nguvu zake zote. Akavuta ya kwanza, ikakaa. Akavuta ya pili, na ya tatu, hata akafika ya kumi. Ya kumi na moja ikalegea. Mzee akaufungua ukanda, akamrudishia bila neno, na kijana akaenda kuloweka ugwe mwingine.