Sura ya Nani Hii?

Somo: Mathayo 22:15-22



Dinari aliyoonyeshwa Yesu ilikuwa ya fedha, ujira wa kibarua wa siku moja. Dinari za Tiberio zilikuwa na kichwa chake, na maandishi yaliyomwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu.

Huku kwetu Mtwara nako Kaisari alifika. Rupia ya fedha ya Wajerumani, iliyoanza kutolewa 1890, ilikuwa na sura ya Wilhelm II. Cheo chake, Kaiser, ni neno lile lile Kaisari! Boma la Mikindani likajengwa 1895, na 1898 ikaja kodi ya nyumba. Aliyekosa rupia alilipa kwa kazi. Yaani sura iliyo kwenye fedha iliheshimiwa kuliko sura iliyo ndani ya mtu.

Maana Mwanzo 1:27 inasema wazi: sisi tumeumbwa kwa sura ya Mungu. Sarafu imrudie Kaisari, sawa. Lakini wewe si wa Kaisari. Lipa kodi, fuata sheria, ila utu wako usimuuzie mtu, awe bosi, mpenzi au mwanasiasa.

Jiulize: wiki hii nimemdharau nani kwa sababu hana hela?

Ee Bwana, tufundishe kuiona sura yako kwa kila mtu. Amina.