Nani ameshinda? Upatanisho wa kisarufi na ajira katika michezo ya video

1. Mchezo na kazi

Kitenzi «cheza» kimebeba mengi. Tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza karata, na leo vijana wetu wanacheza michezo ya video. Mzazi wa Mangobo hashangai kusikia kwamba mchezaji wa TS Malekesa anatafuta riziki uwanjani. Lakini akiambiwa kwamba mtu anaweza kuishi kwa michezo ya skrini, anajibu: «Huo ni mchezo tu.» Hapo neno limeshika maana yake nyingine, yaani jambo lisilo na uzito.

Mambo yamekwisha kubadilika. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa. Mwaka 2023 Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou ilitoa medali za michezo ya kielektroniki. Huko Yaoundé, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mchezo wake Aurion mwaka 2016.

Hata hivyo, njia ya mchezaji ndiyo ngumu zaidi kwa kijana wa Kisangani. Mashindano ya mtandaoni yanadai umeme usiokatika na intaneti ya kasi, na hali yetu sote tunaijua. Lakini nyuma ya kila mchezo wapo pia mwandishi wa hadithi, mchoraji, mtangazaji, mjaribu na mfasiri. Mfasiri hupokea maneno ya mchezo katika faili. Anaweza kuyafanyia kazi umeme ukiwapo na kuyatuma baadaye. Mlango huu unakihusu kitivo chetu, na katika makala haya nataka kuonyesha kwamba ufunguo wake ni sarufi tunayojifunza darasani.

2. Sentensi yenye pengo

Programu ya mchezo huhifadhi sentensi zenye pengo, kisha hulijaza pengo hilo wakati wa kucheza. Kwa Kifaransa mtu huandika «X a gagné», na X aweza kuwa mtu au timu: kitenzi hakibadiliki. Kwa Kiswahili haiwezekani. Mchezaji ameshinda, lakini timu imeshinda. Tena, simba wa porini ameshinda, ila Simba ya Dar es Salaam imeshinda. Programu haijui ngeli. Itachapa kiambishi kimoja kwa wote, na mchezaji atacheka mahali ambapo hapakukusudiwa kicheko.

Dawa ni kubadili muundo: «Mshindi ni X.» Kwa kuwa «ni» haipatani na ngeli yoyote, pengo linajazwa bila kosa. Vivyo hivyo, «vikombe 5 vimepatikana» huvunjika idadi ikiwa 1, kwa sababu nomino na kitenzi vyote viwili vinageuka. Tukiandika «Umepata vikombe 5», kitenzi kinamfuata mchezaji, na linabaki tatizo la nomino peke yake. Tukiandika «Vikombe: 5», hata hilo linapungua.

Msamiati nao una mitego. «Ruka» ni kuvuka shimo, na pia ni kwenda hewani kama ndege. Mhusika akiweza yote mawili, afadhali ya kwanza iwe «ruka» na ya pili «paa». Mchezaji aliyebakiwa na nafasi tatu za kuishi hana «maisha 3», kwani kwa kawaida maisha hatuyahesabu hivyo. Ana «roho 3». Wazee walikwisha kutuambia kwamba paka ana roho saba. Neno lilikuwa tayari likitungoja.

3. Kiswahili kipi?

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili na Lingala kati ya lugha nne za taifa, na mji wetu unaziishi zote mbili. Kitabu kinasema «watu wawili». Mtaani tunasikia «batu babili». Naona Kiswahili sanifu kifae maagizo, ili mchezo usomeke pia Bukavu na Dodoma, na lugha ya mji ipewe wahusika wanapozungumza. Lingala ya mjini nayo hutenganisha «a-» ya viumbe hai na «e-» ya vitu. Kwa hiyo anayejifunza kukwepa pengo baya katika lugha moja anapata njia ya kuanza katika nyingine.

4. Pendekezo

Napendekeza zoezi moja katika somo la tafsiri: kila kikundi kitafsiri mistari 100 ya mchezo, kisha kikae na vijana wa Kabondo au Lubunga wanaocheza kila siku, hata wale ambao shule iliwashinda kwa kukosa karo. Wasome kwa sauti. Mstari wanaokwama, urudiwe. Sisi tunajua ngeli. Wao wanajua mchezo unataka nini kwa sekunde ile. Zoezi hili halimwajiri mtu kesho asubuhi. Ila kila mmoja, mwanafunzi na mjaribu, ataondoka na kazi iliyokamilika, yenye jina lake, ya kumwonyesha mwajiri.

Tuanze na mstari huu: «X a perdu 1 vie.» Msomaji aufasiri ili ufae mtu, timu na simba.