Minyoo ya Antaktika: Mafunzo Niliyopata

1. Osha tope taratibu.
Tope la chini ya bahari likifika sitahani, kila mtu anasikia baridi na anataka kumaliza. Ukilipiga maji ya mpira juu ya chujio, umeharibu kazi. Minyoo wenye magamba wa familia ya Polynoidae hupukutisha magamba wakiguswa vibaya, na hayo, pamoja na nywele ngumu za ubavuni, ndiyo tunayoyatazama kwa hadubini kujua huyu ni nani. Mimi humimina maji ya bahari kidogokidogo, hata vidole vikifa ganzi.

2. Piga picha mnyoo angali hai.
Rangi hupotea chupani. Kisha gawa sampuli: fomalini hutunza umbo lakini huharibu vinasaba, etanoli huvilinda.

3. Usikimbilie kusema hiki ni kichwa.
Picha za mnyoo Eulagisca gigantea, aliyeelezwa kisayansi na Monro mwaka 1939, huwatisha watu kwa meno yake. Kinachodhaniwa kuwa kichwa ni koo, limetokezwa nje pamoja na taya. Akitulia hulirudisha ndani. Kichwa chenyewe ni kidogo mno.

4. Mnyoo mmoja hufichua mambo ya bahari nzima.
Hili ndilo linalonigusa zaidi. Watafiti walishusha mifupa ya nyangumi na mbao kwenye sakafu ya bahari ya Antaktika, wakavipandisha baada ya zaidi ya mwaka. Mifupa ilikuwa imejaa minyoo wasio na mdomo wala utumbo, wanaozamisha mizizi mfupani na kulishwa na bakteria waishio ndani yao. Mwaka 2013 wakaitwa Osedax antarcticus. Mbao hazikuguswa. Bara lile halijaota msitu kwa mamilioni ya miaka, na mkondo unaolizunguka huwazuia watoboa mbao, jamaa za wale wanaotafuna majahazi kwetu pwani. Watafiti wakasema meli za mbao zilizozama kule huenda zimesalimika. Na kweli, Endurance, meli ya mbao ya mvumbuzi Shackleton iliyozama 1915, ilipatikana 2022 kwenye kina cha mita zipatazo 3,000, jina lake likisomeka.

5. Waulize waliotangulia.
Kabla ya kutoa jina mimi hurudi kwa McIntosh, aliyeeleza minyoo ya safari ya utafiti ya meli Challenger mwaka 1885. Anayeonekana mpya huenda alishaelezwa. Au vinasaba vikaonyesha kwamba spishi moja ya zamani ni kadhaa. Kielelezo cha jina jipya hukabidhiwa jumba la makumbusho, kikiwa na kibandiko cha mahali na kina, ili asiyekubaliana nami akifungue akikague.