Kufungua Poti za Fayawoli kwa Programu ya Kufuatilia Mtandao: Mwongozo kwa Maafisa wa TEHAMA, Isiolo

Mwongozo huu umeandikwa kwa afisa wa TEHAMA aliye mjini Isiolo, mwenye dhamana ya vifaa vilivyo pia Garbatulla na Merti. Programu ya kufuatilia mtandao humwarifu ruta inapozimika au diski inapojaa, kabla mwananchi hajapanga foleni bure. Programu hiyo haioni kitu fayawoli isipoiruhusu, na fayawoli iliyolegezwa ovyo humfungulia mwizi mlango. Basi kila poti ifunguliwe kwa anwani inayojulikana, kwa upande mmoja, na kwa sababu iliyoandikwa.

1. Jua nani anayebisha hodi

Kabla ya kuandika kanuni yoyote, jiulize ni kifaa gani kinachoanzisha mawasiliano. Fayawoli nyingi za leo hukumbuka mawasiliano yaliyoruhusiwa na kupitisha majibu yake zenyewe. Kwa hiyo hakuna haja ya kufungua pande zote mbili.

2. Poti zinazohusika

Zifuatazo ni poti za kawaida. Kama ofisi yako imezibadilisha, fuata zile zilizo kwenye mipangilio yenu.

- SNMP: UDP 161, kutoka seva ya ufuatiliaji kwenda kwenye ruta au swichi.
- Tahadhari za SNMP: UDP 162, kutoka kifaa kwenda kwenye seva.
- Syslog: UDP 514, kutoka kifaa kwenda kwenye seva.
- Zabbix (kama ndiyo programu yenu ya ufuatiliaji), seva inapouliza: TCP 10050, kutoka seva kwenda kwa wakala aliye kwenye kompyuta.
- Zabbix, wakala anapopeleka taarifa mwenyewe: TCP 10051, kutoka kwa wakala kwenda kwenye seva.
- Ping: hutumia ICMP, ambayo haina namba ya poti, kwa hiyo iruhusu kwa kanuni yake yenyewe.

Matoleo ya 1 na 2c ya SNMP hupitisha neno la utambulisho wazi, bila kulificha. Tumia toleo la 3, lenye uthibitisho na usimbaji fiche. Usiache neno la utambulisho la kawaida, "public", kwenye kifaa chochote.

3. Ofisi za mbali

Ofisi inayotumia modemu ya laini ya simu mara nyingi haina anwani ya IP ya umma, kwa hiyo seva ya Isiolo haiwezi kuifikia moja kwa moja. Acha ofisi hiyo ianzishe mawasiliano kwa njia ya VPN. Kwa WireGuard, kwa mfano, makao makuu hufungua poti moja tu ya UDP, ambayo kwa kawaida ni 51820, na taarifa zote za ufuatiliaji hupita ndani yake. Usiweke poti 161 wala 10050 wazi kwa intaneti nzima.

4. Utaratibu wa kubadilisha

Kosa dogo kwenye ruta ya Merti linaweza kukufungia nje, na barabara ya huko mvua inaponyesha si ya kutumainiwa. Kwa hiyo:

a) Hifadhi nakala ya mipangilio ya sasa nje ya kifaa.
b) Tumia njia ya kujirudisha. MikroTik ina Safe Mode, inayofuta mabadiliko mawasiliano yako yakikatika. Kwenye Cisco, amri ya "reload in 10" huwasha kifaa upya baada ya dakika 10 usipoifuta. Usihifadhi mipangilio mipya kabla ya kuipima.
c) Weka kanuni ya kuruhusu juu ya kanuni ya kuzuia, kwa kuwa mara nyingi kanuni husomwa kuanzia juu kwenda chini.
d) Taja anwani ya seva peke yake, si mtandao mzima.
e) Fanya kazi ukiwa na mtu kwenye ofisi ya mbali anayeweza kupokea simu.

5. Kupima

Pima ukiwa kwenye seva yenyewe. Kwa SNMP tumia snmpwalk. Kwa wakala wa Zabbix tumia zabbix_get. UDP haina salamu ya kufungua mawasiliano, kwa hiyo ukimya wa poti hauthibitishi kwamba iko wazi. Jibu halisi la kifaa ndilo ushahidi. Kisha jaribu kutoka kompyuta nyingine isiyoruhusiwa. Ikijibiwa, kanuni yako ni pana mno.

6. Kumbukumbu

Andika kwenye daftari la mabadiliko: poti, anwani, sababu, tarehe na jina la aliyeidhinisha. Kila baada ya miezi 3, soma kanuni zote na uzifunge zisizo na mwenyewe. Afisa atakayeshika zamu baada yako aweze kujua, kwa kusoma daftari hilo peke yake, kwa nini kila poti iko wazi.